Kwa nini bata haloi?

Mtu akiwa amenyong'onyea, mabega chini na macho chini, watu humwambia kuwa yuko kama kuku aliyenyeshewa. Msemo huo unajulikana Voi, Mombasa, Nairobi na kwingineko. Lakini je, msomaji, umewahi kumsikia mtu akiambiwa kuwa yuko kama bata aliyenyeshewa? La. Mvua ikianza, kuku hukimbilia chini ya ghala. Bata yeye hutoka nje akitingisha mkia, akaingia katika kidimbwi cha kwanza atakachokiona, na akitoka humo hujikung'uta mara mbili tatu akawa mkavu kana kwamba hakuyagusa maji.

Mimi nililipata somo hili kwa njia mbaya, nikiwa darasa la tatu.

Nyanya, mzaa mama, alikuwa akiishi Taveta karibu na mmoja wa mifereji inayotoa maji katika chemchemi ya Njoro Kubwa na kuyapeleka kwenye migomba. Sisi tulikuwa tukikaa Voi. Likizo ya Desemba ilipofika nilipandishwa matatu na kusafiri zaidi ya kilomita 100, kupitia Mwatate, Bura na Maktau. Siku hizo lami haikuwa imefika huko, na mtu alishuka Taveta akiwa mwekundu kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu.

Nyanya alikuwa na bata jike mmoja na vifaranga saba. Alikuwa ameniahidi kwamba vifaranga hao wakishakua wawili watauzwa ili ninunuliwe sare mpya ya shule, kwani ile niliyokuwa nayo ilikuwa imeisha makalioni. Kwa hivyo niliwaona wale bata kuwa wangu. Siku mbili kabla ya Krismasi, nyumba ikifagiliwa na nguo zikifuliwa, nilitazama vifaranga wangu nikaona wamejaa matope. Wageni wangekuja na kuwakuta wachafu hivyo? Nilitia maji katika karai, nikaongeza sabuni ya unga bila kipimo, nikawaosha mmoja mmoja. Niliwasugua vizuri sana, mgongo na tumbo. Kisha nikawapeleka mferejini wajisuuze wenyewe.

Waliingia majini kwa furaha kama kawaida yao. Baada ya muda mfupi niliona mikia yao imezama. Halafu migongo. Halafu ikabaki vichwa tu, midomo juu, wakilia kwa sauti ambayo hata leo nikiikumbuka sipendi. Mimi nilidhani wanacheza. Nyanya alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akaingia mferejini na leso yake akawatoa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa maji. Watano waliobaki aliwasuuza kwa maji ya vuguvugu, akayamwaga, akawasuuza tena na tena, kisha akawaweka ndani ya katoni karibu na jiko. Mmoja alikufa kwa baridi kabla ya jioni.

Hakunichapa. Aliniambia tu, "Mjukuu wangu, umewavua nguo."

Nguo ya vikulabu

Nguo hiyo ni ya ajabu, na mtu hahitaji kwenda mbali kuichunguza. Chukua unyoya mmoja wa bata, ule wa kifuani. Katikati una uti. Pande zote mbili za uti huo zimetoka nyuzi nyingi zilizolala sambamba, na hizo unaziona kwa macho. Usichokiona ni kwamba kila uzi nao una vijiuzi vyake, na vijiuzi vya upande mmoja vina vikulabu vidogo mno vinavyoshikana na vijiuzi vya uzi wa jirani, mfano wa zipu ya jaketi. Ukiuvuta unyoya kwa vidole utaupasua, nyuzi zikaachana. Ukiupitisha tena katikati ya vidole, kutoka shinani kwenda nchani, zile nyuzi zitashikana na upasuko utatoweka.

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya bata anapokaa ukingoni muda mrefu akijipitishia mdomo manyoyani. Nikiwa mtoto nilidhani anajikuna kwa sababu ya chawa. Kumbe anafunga zipu zake, moja baada ya nyingine, maana zikiachwa wazi maji yatapita.

Chini ya manyoya hayo ya nje kuna mengine, madogo na laini, yasiyo na umbo la maana. Hayo hayana vikulabu na hayafungani. Kazi yake ni kushika hewa, na hewa hiyo ndiyo humpa bata joto na kumsaidia kuelea. Manyoya ya nje ni paa, ya ndani ni blanketi. Paa likivuja, blanketi huloa, na bata hufa kwa baridi hata katika nchi yenye joto kama yetu, kwa sababu maji hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa.

Sasa, mfugaji yeyote wa zamani ukimwuliza kwa nini paa hilo halivuji, atakujibu kama alivyonijibu nyanya: ni mafuta. Juu tu ya shina la mkia wa bata kuna tezi ndogo yenye kitu kama nta. Bata huubonyeza mdomo wake hapo, kisha hujipaka mwili mzima. Nyanya aliniambia kwamba sabuni yangu iliyatoa mafuta hayo kama inavyotoa mafuta ya sufuria. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, na sikuwa peke yangu.

Maelezo hayo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ililetwa na watu ambao shughuli yao haikuwa bata bali nguo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, huko Leeds, Uingereza, wanasayansi wawili, Cassie na Baxter, walikuwa wakifanya kazi katika kituo cha utafiti wa sufu. Viwanda vilitaka kitambaa kisichopenya maji. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakitafuta mafuta au nta bora zaidi ya kukipaka, wakiamini kwamba bata ana mafuta ya kipekee ambayo binadamu hajayapata. Katika maandishi yao ya mwaka 1944 wawili hao walionyesha kwamba siri kubwa ya bata haimo katika mafuta yenyewe, imo katika jinsi nyuzi za unyoya zilivyopangwa.

Maana yake ni hii. Tone la maji likitua juu ya unyoya haliketi juu ya kitu kigumu kitupu. Linaketi juu ya ncha za vijiuzi, na kati ya kijiuzi na kijiuzi kuna hewa. Sehemu kubwa ya chini ya tone hilo imekalia hewa. Maji nayo yana tabia ya kushikamana yenyewe kwa yenyewe, uso wake ukawa kama ngozi nyembamba iliyovutwa, ndiyo sababu kuna wadudu wanaotembea juu ya dimbwi wasizame. Ngozi hiyo haikubali kujipenyeza katika vijitundu vidogo vya unyoya. Basi tone hujikunja likawa duara na kubingirika.

Aliyewahi kutembea mabondeni katika Milima ya Taita, kule nduma zinakopandwa kando ya vijito, ameliona jambo hilohilo. Mwaga maji juu ya jani la nduma. Yatakimbiakimbia kama shanga za kioo na kuanguka, jani likabaki kavu. Nduma haina tezi wala mdomo wa kujipakia. Ina vivimbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na nta kidogo juu yake. Mpangilio ni uleule, ingawa mmoja ni mmea na mwingine ni ndege.

Mafuta ya bata hayakosi kazi. Husaidia unyoya ukatae maji, huufanya uwe laini usikatike, na huulinda dhidi ya vijidudu vinavyoula. Bata aliyeondolewa tezi huvaa manyoya yanayozidi kuharibika kadiri miezi inavyopita. Lakini mtu akiyachukua mafuta hayo akayapaka juu ya fulana yake, atapata fulana yenye mafuta, hatapata koti la mvua.

Sabuni ilifanya nini?

Kama siri ni mpangilio, na mpangilio haukuondoka kwa kuoshwa, mbona vifaranga wangu walizama?

Swali hilo lilinisumbua mpaka nikalipatia jibu. Sabuni hufanya mambo mawili. La kwanza ni lile la nyanya, kutoa mafuta. La pili ndilo lililoua: sabuni hulegeza ile ngozi ya maji. Maji yenye sabuni hayajikunji tena kuwa duara. Hutambaa, yakaingia katika kila kijitundu na kuifukuza hewa. Mimi niliwapeleka mferejini wakiwa bado wamejaa povu, na kila mmoja alikwenda na sabuni yake mwilini. Isitoshe, kifaranga hajavaa bado manyoya yenye vikulabu. Ana malaika tu, yaani yale manyoya laini ya utotoni, na hayo hayana paa juu yake.

Ndiyo maana nyanya alifanya jambo la maana kuliko alivyojua, pale alipowasuuza mara nyingi kwa maji safi. Watu wanaookoa ndege wa baharini waliochafuliwa na mafuta hufuata utaratibu huohuo. Huosha kwa sabuni ya vyombo, kisha hutumia muda mrefu kusuuza, kwa kuwa sabuni ikibaki manyoyani ndege hukataa kuelea kana kwamba hakuoshwa.

Watoto wanaweza kulihakikisha jambo hili jikoni pasipo kumdhuru kiumbe yeyote. Tafuta unyoya safi wa bata, udondoshee tone la maji, uangalie linavyobingirika. Kisha chovya kijiti katika sabuni ya vyombo, uguse tone lile. Au chukua kichujio cha chai chenye wavu laini, ukipake mafuta ya kupikia, ukikung'ute ili matundu yasizibe, kisha ukikandamize taratibu juu ya maji ndani ya beseni. Ingawa ni matundu matupu, maji yatasita kuingia. Ongeza sabuni katika beseni uone.

Hapa niwakumbushe wale wanaoatamisha mayai ya bata kwa kuku, desturi iliyo ya kawaida katika nyumba zetu. Kuku hukaa siku 21 juu ya mayai yake mwenyewe. Bata wa kawaida huhitaji kama siku 28, na wale bata wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, huhitaji siku 35, kwa hivyo kuku maskini hutumikia kifungo kirefu. Wakianguliwa, mama yao wa kambo hana mengi ya kuwafaa kwa upande wa maji. Wafugaji husema kwamba kifaranga wa bata hupata mafuta ya kwanza kwa kujisugua kwenye manyoya ya mama yake. Kifaranga aliyelelewa na kuku, au aliyetoka katika mashine, huloa upesi. Mpe sahani ya maji ya kunywa yenye kina cha kuzamisha mdomo, na kuogelea kusubiri mpaka manyoya halisi yaote.

Wanaolowa kwa hiari

Ukitoka Taveta kuelekea kusini utafika Ziwa Jipe, ambalo nusu yake iko Kenya na nusu nyingine Tanzania. Ni ziwa lenye kina kifupi, lililozungukwa na matete, na linalopata maji yake mengi kutoka Mto Lumi. Asubuhi, jua likiwa bado si kali, keti mahali palipo salama dhidi ya viboko, utazame ndege. Utawaona bata wa porini wakielea juu kabisa ya maji kama vifuu. Karibu nao utawaona ndege weusi wamesimama juu ya mti mkavu, wamenyoosha mabawa kama mtu aliyeanika koti. Hao ni mnandi, na pamoja nao mbizi, yule mwenye shingo ndefu kama nyoka.

Mnandi ni ndege wa maji, hula samaki, maisha yake yote yako ziwani, na bado huloa! Mtu angedhani Mungu alimsahau. Lakini fikiria kazi yake. Mnandi hufukuza samaki chini ya maji. Hewa nyingi manyoyani ingemrudisha juu kila anapozama, kama vile ilivyo vigumu kuushikilia mpira chini ya maji. Manyoya yake yana nyuzi zilizolegea kwenye kingo, nazo hukubali maji na kuiacha hewa itoke. Watafiti waliochunguza mnandi mkubwa walieleza mwaka 2005 kwamba unyoya wake umegawanyika: ukingo wa nje huloa, sehemu ya katikati hukataa maji, hivyo tabaka jembamba la hewa hubaki karibu na ngozi. Mbizi amezidi kuloa, naye huogelea mwili wote ukiwa chini na shingo peke yake juu. Gharama wanayolipa ni ile ya kukaa juani wamenyoosha mabawa baada ya kazi.

Kwa hivyo unyoya usiolowa si bora kuliko unaolowa. Kila mmoja umeshonwa kwa kazi ya mwenyewe.

Anayeipita mipaka ni firigogo. Huyu si ndege wa maji kamwe. Anaishi katika nyika kavu za Tsavo, ana rangi ya udongo, na wageni wa mbugani hupita karibu naye bila kumwona, macho yao yakimtafuta simba. Firigogo hula mbegu kavu, basi lazima anywe maji, na makundi yake huruka kutoka mbali kufika kwenye mabwawa kama lile la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye Mto Voi ndani ya Tsavo Mashariki, na ambalo miaka mingine hukauka kabisa. Vifaranga wake wako nyikani, hawawezi kuruka. Nani atawapelekea maji?

Baba. Firigogo dume husugua tumbo lake mchangani, kisha huingia majini na kujitingisha juu na chini mpaka manyoya ya tumbo yashibe. Halafu huruka mpaka kwenye vifaranga, akasimama wima, nao humzunguka wakavuta maji manyoyani kwa midomo. Mwingereza aitwaye Meade-Waldo alieleza jambo hili mwaka 1896 baada ya kuwatazama ndege aliowafuga, na kwa miaka mingi wataalamu walilitilia shaka. Lilithibitishwa mwaka 1967 na Cade na Maclean, waliowachunguza firigogo wa Kalahari. Dume mmoja wa huko hubeba kiasi cha mililita 25, yaani vijiko vitano vya chai. Mwaka 2023 watafiti wawili wa Marekani walionyesha kwamba vijiuzi vya manyoya hayo ya tumboni vimejisokota, na vikiguswa na maji hujikunjua na kusimama kama msitu mdogo unaoyashikilia.

Ni manyoya ya aina moja na yale ya bata, yaani kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Kilichobadilika ni mpangilio.

Kutoka mfereji hadi mlimani

Katika nyumba ya nyanya unyoya haukutupwa ovyo. Mmoja ulikaa ndani ya cherehani kwa kupakia mafuta. Mwingine, naona haya kusema, ulitumika kuchokolea masikio, jambo ambalo madaktari wanalikataza na ambalo watu wa rika lake hawakuwa tayari kuliacha. Uliobaki ulizikwa kwenye migomba. Huko ulikuwa mbolea nzuri ila ya polepole, maana manyoya yana naitrojeni nyingi, kama sehemu 15 kwa kila 100, lakini huchukua muda mrefu kuoza.

Matumizi makubwa yako kwingine. Mtu akisimama Taveta asubuhi isiyo na mawingu humwona Kilimanjaro ameketi mbele yake, mita 5,895 kwenda juu. Wapandaji wanaokaribia kilele usiku huvaa majaketi yaliyojazwa manyoya laini ya ndani ya bata au bata bukini. Manyoya hayo mengi hutoka China, ambako bata huliwa kwa wingi na manyoya yake huuzwa. Hakuna kitu chepesi namna hiyo kinachotia joto zaidi. Hata hivyo jaketi hilo lina udhaifu ambao wanunuzi wengi hawaujui: hayo ni blanketi bila paa. Yakilowa hugandamana, hewa ikatoka, na mwenye jaketi akabaki amebeba donge la maji. Kwa hiyo paa lazima liwe kitambaa cha nje.

Na hapo ndipo viwanda vilirudi kwenye kosa la zamani, la kutafuta kitu cha kupaka. Kwa miaka mingi makoti ya mvua yalipakwa kemikali zenye florini. Zilifanya kazi vizuri sana. Ubaya wake ni kwamba haziozi, nazo zimeonekana katika mito na hata katika damu ya watu. Jimbo la California huko Marekani lilipiga marufuku uuzaji wa nguo mpya zenye kemikali hizo kuanzia mwaka 2025. Wanaotafuta njia nyingine wanaurudia unyoya na jani la nduma, kuona jinsi ya kulipanga kitambaa badala ya kukipaka.

Wavuvi wa samaki wa trauti nao wana lao. Tangu miaka ya 1920, huko milima ya Jura nchini Uswisi, wamekuwa wakifunga chambo bandia kwa yale manyoya madogo yanayoizunguka tezi ya bata, kwa sababu huelea bila kupakwa chochote.

Liko na tumizi moja linalotokana na udhaifu wa unyoya. Kitu kinachokataa maji hukaribisha mafuta. Mafuta ya mashine yakigusa unyoya hutambaa mpaka ndani, vijiuzi vikagandamana na hewa ikaisha. Mwezi Juni mwaka 2000 meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, Afrika Kusini, na pengwini wapatao 19,000 walipakwa mafuta yake. Waliokolewa kwa kuoshwa mmoja mmoja, kazi iliyofanywa na maelfu ya watu waliojitolea. Wengi wao walipona. Tabia hiyohiyo imewafanya watafiti wajaribu kujaza manyoya ya kuku na bata katika mifuko na kuitandaza penye mafuta yaliyomwagika, ili yafyonze mafuta na kuyaacha maji.

Sisi hatuna pengwini. Lakini Voi ni mji wa malori, ulio kwenye barabara ya Mombasa, na palipo malori pana gereji. Mafuta machafu ya injini humwagwa mtaroni jioni, na maji ya kufulia nayo humwagwa hapohapo. Kwa miezi mingi hakuna anayeona ubaya, kwa sababu mtaro ni mkavu. Mvua ikija mara moja, kila kitu huteremka hadi Mto Voi, na Mto Voi huelekea Aruba. Upande wa pili, kinachotiwa katika Lumi huishia Jipe. Nimekwisha kuona povu likielea mferejini huko Taveta, na bata wa watu wakiwa ndani yake.

Wale vifaranga wanne walilala katika katoni karibu na jiko kwa siku tatu. Kila asubuhi nyanya alimchovya mmoja miguu katika beseni la maji safi, akamtazama tumbo, akatikisa kichwa, akamrudisha. Siku ya nne mama yao aliruhusiwa kuwachukua. Mimi niliwekwa umbali wa hatua kumi, nikaambiwa nitazame kwa macho na si kwa mikono. Walielea.

Wawili waliuzwa katika soko la Taveta siku ya Jumamosi, miezi kadhaa baadaye. Pesa zilitosha shati. Kaptura ilingoja muhula wa tatu.